Bonasi ya Zamu ya Tatu

Siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi, mzee Alojz Pyka aliwalipa wachezaji wake bonasi ya mwezi mzima, na bonasi hiyo ndiyo iliyoizika timu.

Wachezaji wenyewe hawakuwa watu. Walikuwa majina ishirini na mawili ndani ya kompyuta, kila jina na umri wake, mshahara wake wa dukati, fedha za mle mchezoni, na vijinamba vya kuonyesha nani ana mbio na nani ana shabaha. Mchezo wenyewe unaitwa Benchi. Maelfu ya watu wanaucheza mtandaoni, kila mmoja meneja wa timu yake: anapanga kikosi, anauza, ananunua, na kila Jumatano na Jumamosi kompyuta inachezesha mechi na kuwaletea matokeo. Timu ya Alojz iliitwa Zamu ya Tatu. Ilikuwa daraja la nne, haipandi wala haishuki, kama watu wengi wa mji wa migodi wa Ruda.

Nimesema timu ya Alojz, lakini kwenye ukurasa wake jina la meneja lilikuwa Krystian Pyka, mwanawe. Krystian aliianzisha akiwa na miaka kumi na sita na akaiongoza miaka kumi na mitano, mpaka Februari. Humo nyumbani hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Walisema "kabla ya Februari" na "tangu Februari", kisha wakanyamaza na kupitishiana chumvi.

Nywila aliikuta Sabina, dada yake Krystian, imeandikwa nyuma ya kalenda. Mzee akafungua aone tu, akakuta mechi ya Jumatano haina kikosi. "Timu haiwezi kuingia uwanjani bila kupangwa," alisema. Tangu siku hiyo, kila saa nane mchana, akishamaliza supu, anaketi kwenye kiti cha mwanawe. Mameneja wengine hawakujua kitu. Walimwandikia, "Hongera Krystian, mechi nzuri," naye akawajibu kwa kidole kimoja, "Asante." Hakukusudia kudanganya mtu. Mara ya kwanza alishindwa kupata maneno mengine, na baada ya mara ya kwanza ikawa ni kuchelewa.

Basi tarehe nne Desemba, asubuhi, bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa ilipita chini ya dirisha, na Alojz akasimama wima kwenye zulia mpaka wakakata kona. Mchana akafungua Benchi, akakiona kitufe ambacho hakuwahi kukigusa: Zawadi kwa timu. Kulikuwa na zawadi ya siku, ya wiki na ya mwezi. Alojz hakufikiri hata kidogo. Mgodini kwake, bonasi ya Barbara ilikuwa mshahara wa mwezi. Kompyuta ikamuuliza, Una uhakika? Akacheka peke yake, akabonyeza ndiyo.

"Unacheka na nani?" Frida, mkewe, aliuliza kutoka jikoni.

"Nimewalipa vijana bonasi."

"Vijana gani?"

"Wa timu."

Frida akatokea mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. "Wale wa ndani ya sanduku? Mzee, mashine yangu ya kufulia inalia kama mbuzi tangu Oktoba, na wewe unawapa bonasi watu wasiokula wala kunywa?"

"Si pesa yetu, mama. Ni pesa yao wenyewe. Wamefanya kazi mwaka mzima, na siku ya Barbara hakuna mgodi wenye heshima usiolipa."

"Haya, na soseji uwapelekee," alisema Frida, akarudi jikoni.

&nbsp;

Asubuhi yake ukurasa ulikuwa mwekundu juu mpaka chini. Alojz alisoma mara tatu, akashika neno deni na neno siku kumi na nne, mengine yakampita. Alimngoja Sabina aje Jumapili. Hakutaka kumsumbua kwa simu, maana Sabina anafanya kazi ya zamu kwenye ghala la viatu na simu wananyang'anywa mlangoni.

Jumapili walikula roli za nyama, kabichi nyekundu na madonge ya viazi yenye kishimo katikati cha kutilia mchuzi. Sabina akafuta mikono, akaketi mbele ya kompyuta, akasoma kimya. Alojz alisimama nyuma yake kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

"Baba, ulikuwa na dukati laki moja na kumi elfu."

"Naam."

"Ukagawa laki tisa na kumi elfu."

"Mishahara ya mwezi. Ndivyo inavyokuwa."

"Ndivyo inavyokuwa mgodini! Huku hakuna Barbara, baba. Humu wapo Wabrazil, wapo Waturuki. Hakuna mtu yeyote humu anayelipa bonasi ya mwezi, kile kitufe kipo tu." Akajizuia, akapunguza sauti. "Sasa una deni la laki nane. Kikomo ni laki tano. Likikaa juu ya kikomo siku kumi na nne, timu inatangazwa mufilisi. Jumanne ya tarehe kumi na tisa, saa sita mchana."

"Wakitangaza, inakuwaje?"

"Inafutwa. Wachezaji, vikombe, mechi za nyuma, jina la meneja. Vyote."

Frida alikuwa amesimamisha uma hewani. "Jina la nani?"

Sabina akateremsha ukurasa mpaka kwenye orodha ya majina. "Unaweza kuuza wachezaji," akamwambia baba. "Lakini hawa ni wazee. Krystian hakuwahi kumwacha mtu. Ona huyu kipa, Hilary Wrona, ana miaka thelathini na saba. Thamani yake dukati elfu nne. Na Desemba hakuna anayenunua, wote wanangoja msimu mpya."

"Nikiwapunguza?"

"Ukimwachisha mchezaji unamlipa kiinua mgongo. Deni linazidi."

"Ni sawa hiyo," alisema Alojz. "Lazima walipwe."

"Baba, upande wako ni upi?"

Wakati wa kuondoka, akifunga viatu ukumbini, Sabina alimshika mkono. "Iache iende, baba. Tafadhali. Wewe unakaa pale kila siku unajifanya yeye. Haikufai, na mama haimfai."

"Mimi napanga kikosi tu," alisema Alojz.

&nbsp;

Jumatatu mzee alitoa bahasha ya jiwe kabatini. Udongo wa kaburi unahitaji mwaka kutulia kabla ya kuwekewa jiwe, kwa hiyo tangu Februari walikuwa wanatia humo zloti mia, mia na hamsini, pensheni ikiingia. Zilikuwa zimefika elfu moja na mia sita. Sabina alikuwa ameshamwambia kwamba Benchi haipokei fedha za kweli, tajiri na maskini wote wanacheza kwa dukati zile zile. Alojz hakuamini. Katika miaka yake sitini na minane hakuwahi kuona deni linalokataa fedha.

Posta kulikuwa na foleni ya kadi za Krismasi. Zamu yake ilipofika akavua kofia.

"Nataka kulipa deni la timu," alimwambia mhudumu, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni.

"Timu gani, mzee wangu?"

"Zamu ya Tatu."

"Namba ya akaunti?"

Alojz akasukuma chini ya kioo kipande cha karatasi. Alikuwa amenakili kila herufi iliyokuwa juu ya ukurasa, na vile vijimstari vyote.

"Hii ni anwani ya mtandao," alisema yule mama. "Deni lenyewe kiasi gani?"

"Laki nane. Lakini wanataka laki tatu tu, ili lishuke chini ya kikomo."

Foleni nzima ikageuza shingo. Laki tatu si fedha ya kutajwa posta.

"Laki tatu za zloti?"

"Dukati," alisema Alojz.

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko. "Dukati! Muulize kama na farasi amemfunga nje!" Na wengine wakacheka, si kwa ubaya, watu waliokaa kwenye foleni muda mrefu hucheka na chochote. Kilichomuuma Alojz ni kwamba wawili kati yao walimfahamu. Walikuwa wameshuka naye chini ya ardhi miaka mingi, na hao hawakucheka. Walitazama stempu ukutani.

"Dawa ya deni ni kulipa, mzee," mama wa posta alisema kwa upole, akimrudishia karatasi. "Lakini dawa ya deni hili hatunayo hapa. Una mtoto nyumbani anayejua kompyuta? Mwambie akusaidie."

"Ninaye," alisema Alojz. Akavaa kofia, akatoka na bahasha yake. Njia nzima alijiuliza kwa nini amesema vile.

&nbsp;

Aliingia nyumbani kimya ili airudishe bahasha kabla Frida hajaona. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Frida alikuwa ameketi mbele ya sufuria ya viazi ambavyo havijamenywa, na ile simu ya zamani ya Sabina imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na ukurasa wa Zamu ya Tatu.

"Nawe unacheza?" Alojz aliuliza.

Frida akaishika simu kama mtu aliyefumaniwa, halafu akaiacha. "Sichezi. Sabina alinionyesha namna ya kufungua." Akanyoosha kidole kwenye jina la meneja. Kando ya jina palikuwa na kidoti cha kijivu. "Wewe ukiingia kule chumbani, hiki kinakuwa kijani. Na chini wanaandika: Krystian Pyka yupo."

Alojz akainama kukitazama kidoti.

"Saa nane mpaka saa tisa unusu," alisema Frida. "Nakaa hapa napika, nakitazama. Najua ni wewe, mimi si mwendawazimu. Lakini macho hayajui." Akachukua kiazi, akaanza kukimenya kwa hasira. "Kwa hiyo usiniambie habari za kikomo. Iokoe hiyo timu. Wewe ndiye uliyeitia shimoni, we na Barbara wako."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wazazi walikuwa wawili, kila mmoja akimficha mwenzake. Mzee alivua koti, akaenda chumbani, akawasha kompyuta. Jikoni kisu kikatulia juu ya kiazi.

Siku tatu aliuza anachoweza. Winga wa miaka thelathini na mbili alikwenda kwa elfu tisa. Beki mmoja kwa elfu kumi na mbili. Jumatano walifungwa mabao manne nyumbani, na watazamaji, ambao nao ni namba za kompyuta, wakapungua, na tiketi zikapungua. Alichokipata kwa mkono huu mishahara ikakichukua kwa mkono mwingine. Ijumaa deni lilikuwa laki saba na tisini elfu.

Ijumaa hiyo hiyo ukaja ujumbe kutoka kwa Zbynek wa Ostrava, meneja wa ligi ileile. "Krystian, rafiki yangu, naona umeungua. Msimu ule mke wangu aliponikimbia, wewe ulinipangia kikosi wiki tano nami sikukulipa kitu. Mweke kipa wako sokoni. Usiulize."

Alojz akamweka Hilary Wrona sokoni kwa dukati elfu nne. Baada ya saa moja Zbynek alikuwa amemnunua kwa laki tatu.

Mzee alikwenda jikoni mbio mbio na soksi. "Mama! Tumetoka! Deni limeshuka chini ya kikomo!"

"Umewezaje?"

"Jirani amesaidia."

Frida akamshika uso kwa mikono yenye unga, akambusu kwenye paji, jambo ambalo hakulifanya tangu Februari. Halafu akatoa ile chupa ya vodka ya cheri ya Pasaka, wakanywa kikombe kimoja kimoja, saa kumi ya mchana, kama wahuni.

&nbsp;

Jumamosi kipa alikuwa amerudi na laki tatu zimeondoka. Badala yake palikuwa na barua ya jaji wa mchezo, mtu wa Gdynia aitwaye Olgierd.

"Krystian," aliandika Olgierd, "nimeyafuta mauzo ya Wrona. Kipa wa elfu nne hauzwi laki tatu, huo ni msaada wa kisirisiri na unajua. Nimemwonya Zbynek. Wewe sijui nikufanyeje. Watu wote wangefanya hivi, si wewe. Sheria ya mufilisi uliiandika wewe mwenyewe. Au umesahau? Nakuwekea hapa chini ulichosema siku ile ya kupiga kura, tulipotaka kumsamehe Benon."

Na chini yake kulikuwa na maneno ya Krystian, ya miaka minane nyuma. Alojz akavuta kiti karibu.

"Mnasema Benon asamehewe kwa sababu ni mtu mzuri. Ni mzuri kweli, ni rafiki yangu kuliko mnavyojua. Lakini sikilizeni. Mgodi wa baba yangu ulipofungwa, wenye mtu huko juu walihamishiwa mgodi mwingine. Wasio na mtu walipewa karatasi. Baba hakuwa na mtu. Alikuwa na miaka ishirini na saba ya zamu ya tatu, ya usiku, na hakuwa na mtu. Miezi mitatu aliamka saa ileile, akaketi jikoni na chupa yake ya chai, na sisi tukajifanya tumelala ili asione aibu. Mimi nataka pawepo mahali pamoja duniani ambapo huhitaji kuwa na mtu. Hata kama ni mahali pa kuchezea. Deni liwe moja, siku ziwe zilezile, kwangu na kwa yule nisiyempenda. Wala aliyefilisika asifukuzwe kama mbwa. Apewe timu nyingine ya daraja la mwisho, bila deni na bila aibu, aanze upya."

Alojz alilia. Alilia kwa sauti, kitu ambacho hakukifanya hata kanisani, na Frida akaja akidhani amepata kiharusi. Miaka yote alidhani walikuwa wamelala.

Frida akasoma akiwa amesimama. Akasoma mpaka chini, ambako Olgierd alikuwa ameongeza mistari michache. "Siku hizi unaandika neno moja moja, na umecheza kama mtu asiyejua mchezo. Kama kuna jambo, niambie. Mimi sasa ni jaji mkuu, naweza kusogeza tarehe mpaka baada ya Krismasi, soko likichangamka. Hakuna atakayeuliza. Kwako wewe ningefanya."

"Basi!" alisema Frida. "Si huyu hapa? Mwandikie. Mwambie asogeze."

Alojz akatikisa kichwa.

"Nini?"

"Umesoma alivyosema, mama. Huhitaji kuwa na mtu."

"Alisema akiwa mtoto! Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anajua nini? Huyu mtu anatupa wiki mbili, Alojz. Anatupa kwa mkono wake."

"Anampa rafiki yake. Wengine hawapewi. Sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma."

"Basi ikukate wewe!" Frida alipiga meza na kikombe cha kalamu kikaanguka. "Ikukate wewe uliyelipa bonasi, isimkate mwanangu! Wewe maisha yako yote ni hivyo hivyo. Wenzako walikwenda kugonga milango, wakambembeleza yule meneja wa mgodi na chupa ya konyaki, wewe ukakaa. Hutaki kuomba! Na leo hutaki kuomba hata kwa ajili yake!"

"Kwa ajili yake ndiyo maana siombi," alisema Alojz, na hakuwa na hakika kama anasema kweli au ni kile kiburi chake cha zamani. Huenda vilikuwa vyote viwili. Akavuta kibao cha herufi, akaandika kwa kidole kimoja, Frida akiwa bado amesimama: "Asante Olgierd. Siku ziwe zilezile."

Jibu lilikuja upesi. "Sasa ndiyo nakutambua," Olgierd aliandika. "Huyu ni Krystian."

Frida alisoma hilo pia. Akatoka, na siku mbili hakusema naye. Chakula kilikuwa mezani, mashati yalipigwa pasi, lakini sauti yake hakuitoa. Saa nane mchana Alojz aliwasha kompyuta kama kawaida, akapanga kikosi kilichokuwa hakina mechi nyingine ya kucheza, na akakaa humo mpaka jioni ili kidoti kiwake muda mrefu zaidi. Alijua anatazamwa, na hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumwomba radhi.

&nbsp;

Jumanne, robo saa kabla ya saa sita, Frida aliingia chumbani na kiti cha jikoni, akakiweka kando ya kile cha Krystian. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alojz naye alikuwa amevaa shati jeupe. Hawakuwa wameambizana.

"Sabina amepiga," alisema Frida. "Ameomba ruhusa, lakini hawakumpa."

"Si kitu."

"Hao wote wanakwenda wapi?" Alikuwa anatazama orodha ya majina.

"Hawaendi popote. Wanafutwa."

"Hata yule kipa wako?"

"Hata yeye."

Walikaa. Frida alisoma majina kwa sauti ndogo, moja baada ya jingine, kama anayesoma matangazo ya misa, akikosea mengine. Alipofika la kumi na tisa ukurasa ukawa mweupe. Hakukuwa na mlio wowote. Yakaja maandishi katikati.

Timu ya Zamu ya Tatu imetangazwa mufilisi. Asante kwa misimu yako thelathini na minane.

Na chini yake: Krystian Pyka, unataka kuanza upya? Kulikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana.

"Inamuuliza," alisema Frida.

"Inawauliza wote. Ndiyo ile sheria yake."

"Ukibonyeza ndiyo?"

"Anapewa timu nyingine. Daraja la mwisho. Bila deni."

"Na jina lake linakuwepo."

"Linakuwepo."

Frida akaweka mkono kwenye kipanya. Alojz alimwacha. Kama angebonyeza ndiyo asingemzuia, na kusema kweli aliomba moyoni abonyeze, kisha akaomba asibonyeze. Kishale kilizunguka juu ya ndiyo, kikatoka, kikarudi.

"Ataanzaje upya?" alisema mwishowe. "Eti, mzee? Nani ataanza?"

"Mimi."

"Basi si yeye."

"Si yeye, mama."

Frida akabonyeza hapana.

Walidhani imekwisha. Lakini kompyuta ina adabu zake, ikaleta kisanduku kingine, cheupe, na mstari mmoja juu: Tunasikitika kukupoteza. Tuambie sababu ya kuondoka.

Wakatazamana. Tangu Februari watu walikuwa wamewaletea keki na mashada, wamewashika mabega kanisani, na katika wote hao hakuna aliyewauliza swali lenye kutaka jibu. Alojz akavuta kibao cha herufi, akaanza kutafuta. Aliandika jina, akaruka nafasi, akaandika neno moja. Krystian hayupo.

"Futa hilo," alisema Frida.

"Kwa nini?"

"Hayupo ni mtu aliyekwenda dukani. Olgierd atamngoja. Andika vizuri."

Alojz akafuta, herufi moja moja, mpaka likabaki jina peke yake. Kidole kikakaa hewani. "Mimi siwezi, Frida," alisema. "Wewe nitajie."

Frida akanyoosha gauni lake magotini, akaketi wima.

"Amekufa," alisema. "Andika. Mtoto wetu amekufa."

Alojz akaandika.